Ligeti hakurudi nyuma

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma muziki chuoni. Mhadhiri wetu anasema mtunzi György Ligeti alikuwa mwanausasa wa kweli hadi miaka ya 1970, kisha akachoka na kurejea kwenye melodia. Nimesikiliza etyudi zake za piano, yaani vipande vya kuzoeza ufundi wa mikono, na sisikii mtu aliyechoka. Je, nakosea?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hukosei, ila mhadhiri wako naye hakujitungia hukumu hiyo. Mwaka 1982 Ligeti alipotoa utunzi wa fidla, honi ya okestra na piano, akaupa jina la kumuenzi Brahms, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, wapo waliomwona msaliti. Huyu ndiye aliyetunga Atmosphères mwaka 1961: okestra nzima, hakuna melodia ya kushika wala pigo la kuhesabu! Kwa hao, usasa ulikuwa kukataa melodia na mapigo ya zamani. Lakini Ligeti alitoroka Hungaria mwishoni mwa 1956, alikozoea kutunga na kufungia droo kazi ambazo watawala wasingeziruhusu. Sioni kwa nini angepokea orodha nyingine ya marufuku, hata ikiandikwa na wenzake.

Chukua etyudi ya kwanza, Désordre, ya 1985. Mkono wa kulia unapiga vibao vyeupe tu, wa kushoto vyeusi tu. Mikono inaanza pamoja, kisha wa kulia unapunguza pigo moja hapa, jingine kule, mpaka misisitizo inaachana kabisa. Wanafunzi wangu nawaanzisha mkono mmoja mmoja, polepole mno. Kila mkono peke yake unaimbika. Ikiungana, wanasikia vitu ambavyo havimo katika mkono wowote.

Alilitoa wapi jambo hilo? Mwaka huohuo wa 1982, Roberto Sierra wa Puerto Rico, mwanafunzi wake huko Hamburg, alimsikilizisha rekodi za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, alizozikusanya mtafiti wa muziki Simha Arom. Katika kundi lao la pembe, kila mpulizaji ana noti moja tu. Wimbo unapatikana kwa kupokezana. Baadaye Ligeti akazijua pia kazi za mtafiti Gerhard Kubik kuhusu amadinda ya Buganda, marimba ya vibao 12: wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, mmoja anapachika mapigo katika nafasi za mwenzake, nawe unasikia melodia ambayo hakuna anayeipiga.

Sasa rudi kwenye Atmosphères. Makumi ya wapiga ala, kila mmoja na mstari wake, na sikio halipati hata mstari mmoja, linapata wingu. Swali ni lilelile: nini kinazaliwa sikioni ambacho hakikuandikwa kwa mtu yeyote? Mwaka 1961 alilijibu kwa ukungu, mwaka 1985 kwa mapigo makali. Mimi namwona jasiri zaidi mara hii ya pili, kwa sababu kosa moja la mpigaji linasikika.

Sikiliza pia konseto ya fidla ya 1990 hadi 1992, sehemu ya pili. Melodia yake inatoka kwenye vipande vya piano alivyotunga Hungaria mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sasa okarina, filimbi ndogo za mviringo, zinaingia na sauti zisizolingana sawasawa. Mhadhiri wako akitaka pa kubishania, aende daftari la tatu la etyudi, lililoanzwa 1995. Kanoni za humo, yaani vipande ambavyo sauti moja inaifuata nyingine kwa kuiga melodia yake, ni safi, lakini baadhi yake kwangu ni kavu, na hapo nitamsikiliza.