Kupiga kura pekee kunatosha?

Swali: Kenya ya chama kimoja ilifanya uchaguzi. Kwa nini basi utawala ule huitwa wa kiimla?

Jibu: Ndugu msomaji, Kifungu cha 2A, kilichoingizwa katika katiba mwaka 1982, kiliharamisha vyama vyote isipokuwa KANU, chama tawala. Katika mchujo wa 1988, yaani kura ya chama ya kuteua wagombea ubunge, wapiga kura walipanga mlolongo hadharani nyuma ya picha ya mgombea, kila mmoja akionekana na jirani yake, na aliyetangaziwa zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja kuwa mbunge bila kura ya siri. Kuna mahali mwenye mlolongo mfupi alitangazwa mshindi, jambo linaloniuma hadi leo. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, lakini madaraka makubwa ya rais yalisubiri katiba ya 2010 ndipo yakapunguzwa.