Kipanya ambacho sikukichora

Kadutu, Bukavu

Mwanangu,

Barua yako imefika. Unaniuliza kuhusu mjukuu wangu: amemaliza darasa la nane, Septemba anaingia humanite, yaani sekondari ya juu, na huko Lubumbashi mnabishana achukue Komersiale-Informatike (biashara na kompyuta) au Math-Fizike. Mume wako anavutia upande wa informatike kwa kuwa shule imenunua kompyuta 20. Sawa. Lakini mwalimu wao ni nani? Kompyuta unaagiza Dubai. Mwalimu huagizi Dubai.

Unaukumbuka mwaka ule prefe, mkuu wa shule, aliponitwisha somo la informatike, mimi mtu wa hesabu, na mashine ya shule ni moja tu, imefunikwa kitambaa ofisini kwake kama bibi harusi. Nikachora klavye, yaani kibodi, kwenye karatoni ya sabuni, AZERTY nzima, herufi zilivyopangwa kwa Kifaransa, nawe jioni ukaikalia, vidole vikitafuta herufi kwa mshumaa. Mfumo wa sifuri na moja tuliuhesabu kwa vidole, kilichokunjwa ni sifuri, kilichonyooshwa kina thamani yake, kisha unajumlisha: dole gumba 1, kinachofuata 2, kisha 4, 8, 16. Mkono mmoja unafika 31, yote miwili 1023. Mdogo wako alikuwa anatuhesabia hivyo hadi mezani, akatuchosha.

Na siku ya vikombe! Kimoja kina chai, kingine maji. Nikasema, vibadilishaneni bila kumwaga. Darasa kimya. Ukatoka bila ruhusa, ukarudi na kikombe kitupu cha mama wa chai pale getini. "Papa... samahani, Mwalimu, lazima kiwepo cha tatu." Ndivyo programu inavyobadilishana thamani mbili bila kupoteza hata moja, na wewe hukuwa umegusa mashine hata siku moja. Yule mama alikuja kudai kikombe chake katikati ya somo, nikamlipa chai ambayo hatukuinywa. Mwalimu huagizi Dubai, nakwambia.

Ila nisijisifu. Mwaka wako wa kwanza chuoni walikwambia ushike kipanya cha kompyuta, kile cha kusukuma mezani, ukakiinua hewani na kukielekeza kwenye kioo kama rimoti. Wenzako wakacheka, na msaidizi wa profesa akacheka nao. Ulitusimulia kwa kicheko, lakini ugali wako ulibaki kwenye sahani, mama yako akaufunika. Usiku ule niliitoa ile karatoni nikaitazama. Herufi zote zipo, hata zile alama za juu juu ambazo hakuna anayezitumia. Kipanya hakipo. Nafasi pembeni ilikuwepo, ya kutosha.

Kwa hiyo labda mume wako ana haki, kompyuta 20 si kitu kidogo. Halafu najijibu: umeme ukikatika zinabaki masanduku 20. Halafu najijibu tena: umeme hurudi, lakini mtoto aliyechekwa mbele ya darasa anachukua muda kurudi.

Nilitaka kusema Math-Fizike, maana hata akisomea informatike chuoni, hesabu zitamngoja mlangoni. Sisemi. Mtoto ni wenu. Nendeni mkaone kama hizo kompyuta zinaguswa na wanafunzi au zimevalishwa vitambaa.

Mama yako anakusalimia, goti linamsumbua kidogo tu. Mjukuu anipigie Jumapili baada ya misa. Nitamwuliza la vikombe, nawe usimpe jibu.

Papa yako