Mzazi haji mjini kutalii

Swali lenu la wiki hii linasema: mzazi anakuja kukutembelea mjini kwa siku chache, umpeleke wapi na umfanyie nini afurahi? Mie kwetu Pemba, upande wa Wingwi, nimeolewa Unguja na nakaa Kinuni. Baba hunijia mara kwa mara, na jibu langu nimelipata kwake na kwa wazee wengine ninaowaona wakishuka bandarini Malindi, hapa Unguja, na mapakacha yao.

Najua wengi watajibu bustani ya Forodhani jioni, Michenzani Mall, au hoteli ya pwani kwa chakula cha mchana. Hayo hayana ubaya, lakini silo alilolifuata. Mzee anavuka bahari kuja kuunga udugu. Ana watu wake kichwani: shangazi mgonjwa wa mtaa wa Jang'ombe, rafiki wa Mtoni aliyefiwa na mke, mtoto wa dada yake aliyejifungua, anayekaa Amani. Ukimpangia wewe matembezi asubuhi na jioni, atakufuata kwa sababu hataki kukuvunja moyo, na usiku atalala akiwahesabu ambao hajawaona. Kwa hiyo la kwanza la kumuuliza, tena kwa simu kabla hajatoka kwake, ni hili: Baba, safari hii unataka kuwaona nani?

Muulize na lini. Sisi wa mjini tunatazama likizo za skuli na ruhusa ya kazini. Yeye ana majira yake. Karafuu zikiwa tayari haondoki. Zinataka kuchumwa kabla ua halijachanua, zichambuliwe, zianikwe juani kwenye majamvi, zianuliwe mvua ikitisha, mpaka zikauke zipelekwe ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Kuna na siku ya pensheni jamii, ile inayotolewa na Serikali ya Mapinduzi tangu 2016 kwa kila mzee aliyefika miaka 70. Ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Mtoto mwenye mshahara anaweza kuiona ndogo, lakini kwa mzee ni fedha yake mwenyewe, haikuombwa kwa mtu. Usimwambie "njoo tu, nitakupa mimi". Mwache aichukue kwanza, ndipo apande chombo.

Halafu kuna bahari yenyewe. Kusi likivuma, maji ya Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, hayana utani na mtu mzima. Tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikielekea Pemba, wapo wazee ambao chombo kikifika pale mkono unakwenda kwenye tasbihi. Baba ni mmoja wao, alizika watu. Mfuko ukiruhusu mkatie ndege kutoka Chake Chake, ni kama nusu saa tu angani. Usiporuhusu, subiri maleleji, bahari ikiwa imelala. Na kumbuka kwamba kwa mtu wa kaskazini ya Pemba, kufika tu bandari ya Mkoani, kusini, ni kukimaliza kisiwa kizima. Siku ya kufika haina mpango wowote zaidi ya maji ya kuoga, chakula na usingizi.

Nataka nikazie jambo la mkwe, maana naona halisemwi. Mama akija kwa binti yake anaingia jikoni, mambo yamekwisha. Baba anakuwa nyumbani kwa mwanamme mwengine, na mzee wa heshima hilo analihisi kila akitaka kujinyoosha ukumbini au kwenda kuoga. Binti hawezi kumwondolea, mkwe ndiye anayeweza. Mume wangu huenda bandarini mwenyewe, hatumi bajaji, na mzigo huupokea kwa mkono wake. Swala ikiwakuta nyumbani humtanguliza baba asalishe. Chakula tunatandika mkeka, sinia moja, wao wawili na wajukuu wakubwa, na meza inabaki na vitabu vya watoto. Siku ya pili utamsikia baba akiita kutoka chumbani, "Nani yuko huko, nileteeni maji," na mie hapo roho yangu hutulia, kwa kuwa mtu haagizi maji kwa sauti nyumba ambayo anajiona mgeni.

Pakacha lifunguliwe mbele yake. Baba huja na majimbi, mashelisheli, ndizi mkono wa tembo, ng'onda, yaani samaki wakavu, alizozifunga kwenye gazeti, na halua ya Wete kwa wajukuu. Mzigo ule kautia garini tokea usiku, kaushusha Mkoani, na chomboni kaukalia karibu usipotee. Ukimwambia "ungejisumbua nini, sokoni Darajani yote yapo", umemwambia kwamba alichokibeba hakina kazi. Mie nafungua pale pale ukumbini. Shelisheli moja kwa jirani wa kulia, majimbi kwa mama wa nyumba ya nyuma, na mtoto ninayemtuma namwambia aseme, "Babu kaleta kutoka Pemba." Baba anasikia. Baada ya alasiri majirani wanakuja kumwamkia na kushukuru, na kabla ya magharibi ana watu wa kuzungumza nao mtaani ambao sikumtafutia mimi. Usiku tunapika mashelisheli ya nazi kwa ng'onda zake. Biriani itasubiri.

Nyumba mwoneshe mchana: swichi ya taa ya chooni, bomba linavyofunguliwa, mlango wa uani unavyofungwa, kibla kiko wapi. Choo kikiwa cha kukaa, weka ndoo na kata karibu, na kigoda cha kuogea, maana vigae vikirowa huteleza. Njia ya msikitini aipite kwanza adhuhuri na mtu wa kumwongoza, kwa sababu alfajiri ataamka kabla yako, na usipomwekea mtu atatoka peke yake na tochi. Kwetu kuna kijana wa jirani asiyekosa alfajiri. Hupita chini ya dirisha la chumba cha baba, hugonga kidogo na kusema, "Babu, wakati." Basi wanakwenda pamoja polepole, na akirudi baba ana khabari za mtaa wetu ambazo sisi wenye nyumba hatuzijui.

Mtilie na fedha mfukoni, siku ya kwanza, watoto wasione. Noti za elfu elfu na sarafu za mia mbili mia mbili. Kwao ni mtu wa kutoa: sadaka ya Ijumaa, kahawa ya wenzake barazani, peremende za wajukuu. Akikaa mjini mikono mitupu anageuka mtu wa kungojea alipiwe hata kikombe cha kahawa, na hakuna mzee anayependa hivyo, hata anayelipa akiwa mtoto wake wa kumzaa.

Ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, baba huitangulia. Siku ya kwanza huuliza panga liko wapi. Mwachie. Bawaba ya mlango imelegea, mchongoma uani umepita kimo, kuku hawana tundu la maana. Watoto wengi wa mjini humnyang'anya mzee kazi kwa huruma, wakamkalisha mbele ya televisheni kutwa. Huruma hiyo inamchosha kuliko panga.

Kuna mahali pamoja mjini baba hupapenda kwa nafsi yake, nako ni Darajani, kwenye mnada wa samaki. Soko lile lipo tangu 1904 na yeye analijua tokea ujana wake, alipokuwa akivua. Hupita mbele ya samaki bila ya haraka, hufunua shavu la changu kwa kidole, hutazama wekundu wake, hunusa, kisha hunambia kwa sauti ya chini, "Huyu wa jana." Mnadi akipandisha bei ya nguru, midomo yake hucheza akihesabu. Na haikosi kutokea Mpemba mwenzake kati ya wale wauzaji. Hapo salamu haziishi: wa wapi wewe, mtoto wa nani, yule mzee wenu yupo, ile kesi ya shamba iliishaje? Nasimama na kikapu changu na simharakishi hata jua likinipiga. Ukitaka kumtembeza mzee mjini, mpeleke anakojua yeye zaidi yako.

Forodhani akiitaka atasema. Kuna safari moja alitaka apite Beit al Ajaib, lile jumba la kale pale Forodhani, kwa kuwa alisikia redioni upande mmoja umeporomoka, ile tarehe 25 Disemba 2020. Alisimama akalitazama, akauliza habari za waliofariki, akawaombea, tukarudi. Nilimuuliza kama anataka kukaa bustanini tule mishkaki akanijibu, "Mie hapa nshaona. Nipeleke Mtoni."

Huko Mtoni ndiko kwenye uzito wa jibu langu. Watu wa mzee wametawanyika mji mzima, kwa hiyo panga njia: wa Jang'ombe na Kwahani siku moja, wa Mtoni na Bububu siku nyengine. Daladala zinamtaabisha kupanda, ngazi iko juu na kondakta ana haraka. Kama huna gari, zungumza na mwenye bajaji mmoja wa mtaani akuchukueni asubuhi nzima kwa bei ya maelewano, awe anakungojeeni. Nunua sukari au matunda ya kupeleka, umpe baba aingie nayo yeye. Na mkifika, ukae. Simu iwe mkobani.

Rafiki yake wa Mtoni walisoma chuo cha Kurani pamoja, walichapwa na mwalimu mmoja. Tulipofika alikuwa hainuki tena kitandani. Baba alivuta kiti cha plastiki, akamshika mkono, na kwa muda mrefu hawakusema neno. Kisha wakaanza kutaja watu: fulani kafariki, fulani yuko Mombasa, fulani kauza shamba. Wakati huo mie nimekaa mkekani na binti wa nyumba, tunajuana. Nilikuwa sijui kwamba anafanya kazi karibu na skuli ya wanangu. Tulipeana nambari. Mzee yule alipofariki, binti ndiye aliyenipigia, mie nikampigia baba Pemba, na katika matanga niliingia jikoni kwao kupika bila ya kuuliza vyombo viko wapi. Ndiyo maana nasema wajukuu nao wachukuliwe katika ziara hizi, hata wakinung'unika. Babu akishaondoka hapana mwengine wa kuwaonesha nyumba zile.

Hospitali, maneno machache. Wengi wetu tunazichanganya na ziara, mzazi akija ndipo apimwe kila kitu. Presha, sukari na macho vipimwe, ni vyema, lakini iwe asubuhi moja, mapema, na ajulishwe kabla hajasafiri. Foleni siku tatu mfululizo zinamaliza ziara yote.

Pakacha halirudi tupu. Doti ya kanga ya mama, na jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, ulisome vizuri kabla ya kulipa, kwa sababu mama atalisoma na majirani zake watalisoma. Sukari, majani ya chai, dawa za mwezi, betri za tochi. Vitu vya nyumba vya kawaida, vinavyotumika.

Tiketi ya kurudi usiikate pamoja na ya kuja. Ukimkatia mapema anaona unamhesabia siku, na usipoitaja kabisa anaona unamzuia. Siku yake ataitaja mwenyewe, kwa kawaida usiku baada ya kula: "Mie keshokutwa nadhani nende." Msihi mara moja tu, kwa heshima, basi. Ana ng'ombe wake, na mama yuko peke yake. Kilichobaki ni kumpigia mtu wa Mkoani ampokee na amshikie kiti cha mbele kwenye gari ya Wingwi, maana akishuka chomboni barabara yote ile bado iko mbele yake.