VPC zimeungana lakini hazisemezani: uanzie wapi

Hapa Kampala seva isipojibu, wa kwanza kulaumiwa ni intaneti. Kebo imekatika huko Mombasa, mnara umezima, kampuni ya intaneti imelala. Mara nyingi lawama inastahili. Ila VPC mbili (mitandao binafsi ndani ya wingu) zilizounganishwa kwa piringi (njia ya moja kwa moja kati yao) zikigoma kusemezana, intaneti ya Kampala haimo kwenye kesi hiyo. Pakiti (vipande vya data) hazipiti hapa hata kidogo. Zinatoka seva hadi seva ndani ya mtandao wa mwenye wingu, ziwe Cape Town, Johannesburg au Ireland, na kwa AWS (wingu la Amazon) hubaki kwenye mtandao wao hata piringi inapovuka kanda (eneo la vituo vyao vya data). Muda unaompigia fundi wa intaneti bila kupokelewa ungetosha kulipata tatizo.

Ninashughulikia mitandao ya wingu kwa SACCO na maduka kadhaa, hapa na ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, na maswali yanayoniingilia WhatsApp kutoka kwa mafundi wenzangu yana sura moja. Hili lilitoka kwa dada mmoja wa Busia:

"Kaka, shikamoo ya usiku. Piringi inasema Active lakini hifadhidata haijibu."

"Marahaba dada. Inakataa au inanyamaza?"

"Si ni yale yale?"

Si yale yale, na hapo ndipo ninapotaka kila mtu aanzie. Ukiona "Connection refused", pakiti yako imefika upande wa pili na jibu limerudi. Njia ya kwenda ipo, ya kurudi ipo, piringi haina kosa. Aliyekukatalia karibu kila mara ni seva yenyewe: huduma haijawashwa, au inasikiliza 127.0.0.1 (anwani ya seva kujisemesha yenyewe) peke yake. PostgreSQL (programu ya hifadhidata) ikisakinishwa upya husikiliza hapo tu mpaka ubadilishe listen_addresses. Andika ss -ltn kwenye seva, utaona. Kimya ndicho kibaya. Kimya mpaka muda unaisha maana yake pakiti imepotea njiani au kuna fayawoli (mlinzi anayechuja trafiki) imeimeza bila kusema neno.

Na usipime kwa ping. Kundi la usalama la AWS (fayawoli ya seva) haliingizi ICMP (itifaki inayotumiwa na ping) mpaka uiruhusu mwenyewe, kwa hiyo ping inaweza kufa ilhali poti ya hifadhidata (mlango wake wenye namba) iko wazi kabisa. Pima poti yenyewe: nc -vz 10.20.4.15 5432.

Sasa hilo neno "Active" linalowapumbaza watu. Linasema tu kwamba mmoja aliomba na mwenzake akakubali. Ni daraja lililokwisha kuzinduliwa na kukatwa utepe, barabara za kulifikia bado hazijajengwa upande wowote. Kwenye AWS barabara hizo unazijenga wewe, kwenye jedwali la njia la kila VPC: huku unaandika kwamba anwani za kule zipitie piringi, na kule unaandika za huku. Ukiandika upande mmoja tu, pakiti inakwenda, jibu linakosa pa kupita, na anayetazama anaona kimya kile kile.

Kuna mtego hapa ninaokutana nao kuliko mwingine wowote. VPC ina jedwali kuu, na sabneti (vipande vya VPC) zinaweza kuwa na majedwali yao. Fundi anaongeza njia kwenye jedwali kuu, anaiona pale kwenye skrini, anaapa kwamba ipo. Ipo kweli. Lakini sabneti yenye hifadhidata inasoma jedwali lake lingine. Usianzie kwenye orodha ya majedwali. Anzia kwenye seva, nenda kwenye sabneti yake, kisha fungua jedwali ambalo sabneti hiyo imefungwa nalo. Ukiwa hapo angalia pia kama kuna njia finyu zaidi (inayotaja anwani chache zaidi) inayoelekea kwingine. Ukiwa na 10.20.0.0/16 kupitia piringi na 10.20.4.0/24 kupitia VPN (njia ya siri inayopita kwenye intaneti) ya zamani iliyosahauliwa, ile /24 ndiyo itakayoshinda, siku zote.

Google Cloud hapa ina huruma. Pande zote mbili zikishaunda piringi, njia za sabneti zinabadilishana zenyewe; za ziada ndizo unazohitaji kuzitoa upande mmoja na kuzipokea upande wa pili. Fayawoli lakini haziambatani. Kila mtandao unabaki na sheria zake, na usiporuhusu chochote kuingia, chochote hakiingii.

Kwenye AWS fayawoli ziko mbili na tabia zake hazifanani. Kundi la usalama linakumbuka: likiruhusu ombi kuingia, jibu linatoka bila kuulizwa. ACL ya sabneti (orodha ya ruhusa) haikumbuki kitu. Ile ya kawaida inaruhusu kila kitu, lakini kampuni ikipita kwenye ukaguzi wa usalama mtu huibana, anaacha poti 5432 na 443, anasahau kwamba jibu linarudi kwenye poti ya muda ya mteja, ambayo kwa Linux kwa kawaida iko kati ya 32768 na 60999. Na kama piringi yako inavuka kanda, usijaribu kutaja kundi la usalama la upande wa pili kwa jina lake. Andika anwani.

Yote hayo ukiyatazama yakawa sawa na bado kimya, acha kubahatisha kwenye konsoli. Fungua tcpdump (programu inayoonyesha pakiti zinazopita) pande zote mbili kwa wakati mmoja; hapa 172.17.3.9 ni anwani ya mteja:

tcpdump -ni any host 172.17.3.9 and port 5432

Unatafuta vitu viwili tu. [S] ni ombi linalofika. [S.] ni jibu linaloondoka. Ombi lisipofika, tatizo liko njia ya kwenda au fayawoli ya wingu. Likifika na jibu lisiondoke, tatizo liko ndani ya seva. Jibu likiondoka na lisifike kwa mwenzake, kagua njia ya kurudi.

Niliitwa mara moja Ntinda kwa kampuni iliyokuwa imekwama hivyo hivyo, na kila mtu ofisini alikuwa na nadharia yake. Ombi lilifika kwenye ens5 (kadi ya mtandao ya seva). Njia zilikuwa safi pande zote mbili, makundi ya usalama safi, ACL haijaguswa. Niliuliza seva swali moja:

ip route get 172.17.3.9

Ikajibu: dev docker0. Yaani seva ilikuwa inaamini kwamba mteja yuko ndani ya tumbo lake mwenyewe. Docker (programu ya kuendesha makontena), usipoiambia vingine, huchukua 172.17.0.0/16 kwa ajili ya daraja lake, na VPC ya upande wa pili ilikuwa imepewa anwani hizo hizo na mtu aliyependa namba. Ombi linaingia mlango wa mbele, jibu linaelekezwa chumba cha nyuma. Wingu halioni kosa lolote kwa sababu jibu halikuwahi kutoka kwenye seva. Tulibadilisha "bip" ndani ya /etc/docker/daemon.json tukaipa anwani zisizotumika kwingine, tukawasha Docker upya, ikasema. Kumbuka tu kwamba mitandao mingine unayounda kwa Docker Compose nayo hujigawia kuanzia 172.18 kwenda mbele, kwa hiyo weka na default-address-pools usije ukarudi pale pale. Cloud SQL ya Google (huduma yao ya hifadhidata) nayo imejitengea 172.17.0.0/16 hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, usiipe VPC yoyote anwani hizo.

Kuhusu anwani, VPC ya kawaida ya AWS huja na 172.31.0.0/16 katika kila kanda. Mtandao wa Google unaojipanga wenyewe hutoka ndani ya 10.128.0.0/9. Kampuni mbili zilizoanza kwa kubonyeza "endelea" kisha zikaungana haziwezi kufanya piringi hata wakipiga goti, kwa sababu anwani zinagongana. Hakuna cha kutafuta kosa hapo. Ni kuhamisha upande mmoja. Ndiyo maana wateja wangu wapya nawafungulia jedwali la Excel la anwani kabla hawajafungua seva ya kwanza, wakicheka wacheke.

Kuna kesi nyingine inayojificha vizuri. Seva zinasemezana, lakini mhasibu aliyeko ofisini Nakasero, anayeingia kwa VPN ya Site-to-Site (inayounganisha ofisi nzima na wingu) kwenye VPC ya kwanza, haifikii hifadhidata iliyo kwenye VPC ya pili. Watu huchimba fayawoli hadi asubuhi. Piringi ya AWS haimbebi mgeni wa mgeni: aliyeingia VPC ya kwanza kwa VPN ya ofisi hawezi kuipitia piringi kwenda ya pili, na VPC ya tatu iliyoungana na ya kwanza haiwezi vilevile. Hilo halirekebishwi kwa sheria yoyote. Utaweka Transit Gateway (kitovu cha AWS cha kuunganisha VPC na VPN) na kuilipia, au utaweka seva ya kuvukia ndani ya VPC ya kwanza mtu aingie kupitia hapo. Kwa ofisi ya watu wachache mimi huchagua seva ya kuvukia. Google na Azure (wingu la Microsoft) wana njia ya kuruhusu trafiki ya VPN kuvuka piringi, ila lazima uiwashe.

Majina nayo yapime mapema. dig +short kwa jina la seva ya kule; ikirudisha anwani ya umma badala ya ya ndani, trafiki yako haipiti kwenye piringi hata kidogo, na unakagua mlango usiotumika. Kwenye AWS kuna chaguo la DNS (huduma ya kugeuza majina kuwa anwani) kwenye piringi yenyewe, la kuwashwa pande zote mbili.

La mwisho ni lile la muunganisho unaofunguka, ukaingia na nywila yako, ukauliza swali dogo ukajibiwa, kisha ukaomba ripoti ya mwezi na kila kitu kikaganda. Hiyo si fayawoli ya poti. Ni ukubwa wa pakiti. Ndani ya kanda moja AWS hupitisha hadi baiti 9001, lakini mahali fulani njiani, hasa kwenye VPN, kiwango kinashuka chini ya 1500, na ule ujumbe wa ICMP wa kumwambia mtumaji "punguza" umezuiwa. Ruhusu ICMP aina ya 3, msimbo (code) wa 4, au teremsha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya seva hadi 1400 kwa ip link set dev ens5 mtu 1400 na uombe ile ripoti tena.