Jibu: Alikwenda Cuba 2023, sasa meli inapita San Juan

Dada, pole na wasiwasi. Umeuliza kama mumeo, aliyekwenda Cuba 2023, anaweza kusafiri kwa pasipoti yake ya Uingereza tu kwenye meli ya utalii inayotoka Southampton, Uingereza, na kupita San Juan. Kwake, pasipoti hiyo peke yake haitatosha. San Juan iko Puerto Rico, na kwa uhamiaji hiyo ni Marekani. Waingereza wengi huingia huko kwa kibali cha mtandaoni kiitwacho ESTA, lakini aliyefika Cuba tangu 12 Januari 2021 hakistahili. Ni hivyo pia kwa waliofika Iran, Iraq, Syria, Sudan, Libya, Somalia, Yemen au Korea Kaskazini tangu 1 Machi 2011. Nawaza hasa ndugu zetu wanaokwenda Mogadishu kuona wazazi. Sheria haiulizi sababu, isipokuwa kwa wanajeshi na watumishi wa serikali waliotumwa kikazi.

Hajakatazwa kusafiri. Aombe viza ya matembezi, B1/B2, kwenye ubalozi wa Marekani. Kuna usaili, na foleni huwa ndefu, kwa hiyo aanze wiki hii. Asidhani kubaki melini kutamwokoa: abiria wote hukaguliwa, na kampuni ya meli inaweza kumzuia hukohuko Southampton. Pasipoti mpya nayo haifuti safari ya zamani. Fomu ya ESTA inauliza waziwazi kuhusu safari hizo, tafadhali asidanganye.

Wewe ambaye hukwenda Cuba, kama nawe una pasipoti ya Uingereza, ESTA inakutosha, mradi hujafika nchi nyingine nilizotaja.