Ugali wangu sikuuacha

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kipo Mwanga hapa Kigoma, na kutwa nzima napima watu. Kifua, kiuno, nyonga, naandika kwenye daftari. Mwaka jana, wiki mbili kabla ya Idi, nilitaka kujishonea gauni, nikazungusha futi kiunoni kwangu mwenyewe. Inchi 38. Nikatafuta daftari la zamani lenye vipimo vyangu vya mwaka 2019. Inchi 32.

Mama yangu ana kisukari, na kliniki walishatuasa sisi watoto wake tujiangalie. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 88, kama inchi 35 hivi, hatari ya kisukari, presha na maradhi ya moyo inapanda sana. Kwa hiyo siku ile sikuliwazia gauni tena, niliwaza kupunguza kiuno.

Nilianza vibaya. Niliacha chakula cha usiku, asubuhi nikawa nakunywa maji ya moto yenye ndimu kama nilivyoelekezwa na kila mtu. Siku ya tano, saa tatu usiku, nilimaliza chapati nne za watoto nikiwa nimesimama jikoni. Ndugu zangu, ndimu haiyeyushi mafuta ya mwilini. Na mtu aliyeshinda na njaa hachagui chakula, anakula kilicho karibu.

Kilichonisaidia ni daftari. Kwa wiki moja, kurasa za nyuma, niliandika kila kilichoingia mdomoni. Ugali wa muhogo na samaki wetu wa ziwani, migebuka, mchana, wali na maharage usiku, hapo sikuona cha ajabu. Shida ilikuwa katikati. Saa nne mandazi matatu na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Saa nane soda. Saa kumi mihogo ya kukaanga au sambusa, maana muuzaji anapita mlangoni na mimi nimekaa. Jioni kashata mbili za kumalizia. Vyote hivyo nilikuwa sivihesabu kama kula, nilikuwa "natafuna tu".

Hesabu yake ni hii. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta, yawe mawese au alizeti, kina kalori kama 120, na mandazi na mihogo hunywa mafuta hasa. Chupa ya soda ya mililita 350 mara nyingi ina sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayokula kwa siku, na ikiwezekana ishuke hadi gramu 25, yaani vijiko sita. Mimi soda peke yake ilikuwa inavuka hapo, chai sijaigusa.

Basi sikuacha kutafuna. Nilibadilisha kilicho karibu na mkono. Soda iliondoka kabisa, nikaweka chupa ya maji pembeni ya cherehani. Chai ikashuka vijiko viwili, kisha kimoja, na sasa naweka tangawizi. Mandazi ni Jumamosi, mawili, nayala kwa raha zangu.

Kwenye karanga nilikosea, na naona wengi wanakosea hapo hapo. Nilisikia karanga ni nzuri, nikanunua kilo nzima, nikaiweka kwenye bakuli mbele yangu. Kufikia jioni bakuli lilikuwa nusu. Karanga ni chakula kizuri kweli, zina protini na zinashibisha, lakini gramu 100 zina kalori zaidi ya 550. Mwezi ule futi haikusogea hata kidogo. Siku hizi napima kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo cha wauza kahawa, na hakijai hadi juu. Naweka cha siku kwenye mfuko, kilichobaki kinakaa nyumbani.

Ila mkombozi wangu wa saa kumi ni dagaa, na hapa sisi watu wa ziwani tumebarikiwa kuliko tunavyojua. Nanunua wakavu mwaloni Kibirizi, nachagua waliokaushwa juu ya chanja, maana wa chini wana mchanga. Nawaosha kwa maji ya vuguvugu, nawakausha, nawakaanga kwenye kikaango kikavu bila tone la mafuta, moto mdogo, nikigeuza hadi waanze kulia wakigusana. Nakamulia ndimu, pilipili kidogo, chumvi siweki. Kiganja kimoja cha dagaa hao na tango au kipande cha papai kinanifikisha usiku bila kulitazama sinia la sambusa. Wanunue giza la mwezi, wakati wavuvi wanapata. Mbalamwezi ikiwaka bei inapanda.

Sasa mwili wenyewe. Zamani cherehani yangu nilikuwa naikanyaga kwa miguu. Nilipoifunga mota nilishukuru sana, kazi inakwenda haraka, lakini miguu ikakaa. Mota sijaitoa. Nilichofanya ni kuhamishia meza ya pasi upande wa pili wa kibanda, ili kila mshono nikimaliza nisimame, niende, nirudi. Vifungo na nyuzi navyo viko kwenye rafu ya juu kule kule.

Na natembea. Nilijaribu asubuhi nikashindwa, kwa sababu Kigoma tuko magharibi mno: saa kumi na mbili bado kuna giza, na mwanamke peke yake barabarani gizani si jambo la kulazimisha. Jioni ndiyo yetu. Jua linazama karibu saa moja, kwa hiyo nikifunga kibanda saa kumi na moja na nusu nina mwanga wa kutosha. Nateremka hadi karibu na stesheni ya reli, nageuka, napanda. Kupanda ndiko kwenye kazi. Wiki mbili za kwanza nilisimama mara tatu njiani, na waendesha bodaboda walikuwa wakinisimamia wakidhani nimechoka. Mwendo unaofaa ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa, siku tano, zinatimia dakika 150 zinazoshauriwa kwa wiki. Usitegemee kwamba kutembea kutaondoa mandazi uliyokula, nusu saa huunguza kalori mia na kitu tu. Lakini sukari ya mwili inatulia, na usingizi unakuja.

Mwenye maumivu ya magoti, mjamzito, au anayetumia dawa za sukari, aongee kwanza na mhudumu wake wa afya, maana dawa zile na chakula vinakwenda pamoja.

Jingine ni watu. Kwetu unene ni sifa, na kukonda kunaulizwa. Jumapili moja nilikwenda kwa shangazi Ujiji kwa miguu. Kunitazama tu akashika mdomo.

"Mwanangu, kuna nini huko nyumbani? Mbona umekwisha?"

"Salama shangazi, napunguza kidogo tu kwa ajili ya sukari ile ya mama."

Akanyamaza. Kisha akaleta bada, yaani ugali wa muhogo, na dagaa wa mawese, nami nikala, kwa sababu chakula cha shangazi hakikataliwi. Nilichoomba ni kujipakulia mwenyewe. Alipotaka kuniongezea chakula nikamwambia, "Nimeshiba shangazi, nifungie kidogo niwapelekee watoto," na hilo akalipokea vizuri kabisa.

Napima kiuno kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asubuhi kabla sijala, futi ipite juu ya kitovu kidogo, bila kuvuta tumbo. Mizani nimepanda mara mbili tu, kwenye duka la dawa: kilo 81, na baada ya miezi saba kilo 76. Futi sasa inasoma inchi 35 na nusu. Lile gauni la Idi nililishona kwa inchi 38 nikaacha akiba ya kitambaa ndani. Nimeshalibana mara mbili.