Mara ya kwanza, karatasi tano

We wauliza kupiga kura mara ya kwanza kukoje na waogopa utakosea, mdogo wangu mimi yangu ilikuwa uchaguzi mkuu wa Kenya, 9 Agosti 2022 huku Kisauni, Mombasa, nlifika saa kumi na moja alfajiri nkijua ntakuwa wa kwanza kumbe kuna wamama wazee na leso zao washakaa kitambo wanakula mahamri. Foleni zapangwa kwa herufi za majina, mimi nkasimama ya watu saa nzima ndo naambiwa jina langu liko chumba cha pili 😂

Ndani ni haraka, waweka kidole kwenye mashine, sura yako yatokea, wapewa karatasi. Kwengine zilikuwa sita lakini sisi Mombasa tulipewa tano, za gavana zilikosewa, kura yake ikaahirishwa tukarudi tena 29 Agosti, na ile siku ya pili mtaa ulikuwa umepoa sana hata hamu yenyewe ilishaisha.

Kwenye kibanda mkono ulinitetemeka wallahi. Weka alama kwa mtu mmoja tu kila karatasi, kunja, tumbukiza, kila rangi ina sanduku lake, nyeupe ndo rais. Mimi ile ya kijani ya mbunge nusra niitie kwa zambarau, karani akanikoholea. Wino wapakwa kidole, wangu ulikwama kwenye ukucha siku kadhaa nami sikuusugua maksudi. Beba kitambulisho ulichojisajilia, na maji, jua la Agosti si mchezo.